Kyalo, Nilichoona ni Karatasi

Kyalo mwanangu,

Namba yako bado iko kwenye simu yangu. Wiki iliyopita niliipiga. Ile sauti ya mwanamke wa mitambo ikaniambia kwamba mteja hapatikani kwa sasa, na mimi, mzee wa miaka sabini na minne, nikamjibu kwa sauti, "Najua, mama, najua." Kisha nikaona aibu, nikatafuta kalamu.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho nilichokufundisha. Miaka yote ile ulisoma habari za redio kwa Kikamba huko Kibwezi, lakini insha zako za kwanza zilipita mikononi mwangu hapa Nuu, na mara nyingi nilikuandikia pembeni kwa wino mwekundu: "Nani kasema?" Ulikuja kunilipiza swali hilo ukubwani. Nakulaumu kidogo kwa hilo. Sijui kama nakulaumu. Nitafika huko.

Miezi minane imepita tangu tukuzike Malili, kwenye lile shamba ulilonunua ili uwe karibu na barabara kuu. Mke wako anaendelea. Anapiga simu mara moja moja, tunaongea juu ya mvua, halafu anakata. Huku kwetu mvua imekuja nusu. Kunde zimepatikana, mahindi hayakufika kiunoni. Hayo ni ya kawaida. La kukuandikia ni jingine, na nimelianza mara tatu nikachana karatasi.

Niruhusu nieleze kwanza jinsi ulivyofanya kazi, ingawa waijua kuliko mimi. Unanifahamu: mimi nisipoeleza sielewi. Habari yoyote ya upande wa Nuu hukuisoma hewani kabla ya kunipigia simu. Kila eneo ulikuwa na mtu wako, na huku mtu wako nilikuwa mimi. Swali lilikuwa lile lile: "Mwalimu, umeona, umeambiwa na aliyeona, ama umeambiwa na aliyeambiwa?" Nikijibu nimeona, ulisoma ukamalizia kwa neno moja: imeonwa. Nikijibu nimeambiwa na aliyeona, ulimalizia: imesimuliwa. Ile ya tatu hukuisoma kabisa, hata kama ilikuwa tamu namna gani.

Watu walilibeba neno lako wakalifanya lao. Mwanamke akimnong'oneza mwenzake kisimani kwamba fulani amemwacha mumewe, mwenzake anauliza, "Imeonwa ama imesimuliwa?" Unakumbuka nilivyokusimulia ya kanisani? Mzee mmoja alisimama kutoa ushuhuda kwamba mgongo wake umepona kabisa. Sauti kutoka nyuma ikasema, "Inama basi tuone." Mchungaji mwenyewe alificha uso kwenye Biblia.

Na siku ile ya mvua. Ulinipigia ukauliza kama imenyesha Nuu, nikakwambia ndiyo, inanyesha sasa hivi. Ukauliza, "Mwalimu, umelowa?" Nikasema naisikia juu ya mabati. Ukasema, "Toka nje basi." Nikatoka na shati langu la kanisani, nikasimama uani kama mtu aliyepewa adhabu, simu nimeificha kwapani. Nikapiga kelele, "Nimelowa!" Ulicheka mpaka ukakohoa. Jioni ile ukasoma kwamba mvua imenyesha Nuu, imeonwa. Hakuna mtu katika Kitui yote aliyejua kwamba imeonwa maana yake ni mimi na shati langu.

Juu ya mwenye kituo tuligombana mara moja tu. Mwenye kituo wakati ule alikuwa yule mzee wa duka la vifaa vya ujenzi, aliyeanzisha redio ili atangaze simenti yake. Nilikuuliza watu watakuaminije wakati anayekulipa mshahara ana biashara zake. Ukanijibu, "Mwalimu, simenti haigombei kiti." Ukaongeza kwamba mzee huyo hajawahi kuingia studio ukiwa unasoma, na siku atakayoingia wewe utatoka. Niliona jibu hilo limetosha. Leo naona lilijibu juu ya wewe na yule mzee tu, na ninyi wawili hamkuwa wa kudumu.

Miezi miwili baada ya mazishi, kituo kiliuzwa. Alikinunua tajiri mmoja wa malori. Watu wanasema anataka kiti uchaguzi ukifika. Imesimuliwa, na waliosimulia waliambiwa, kwa hiyo ichukue hivyo. Kazi yako alipewa Mwende, yule msichana uliyemfundisha mwenyewe. Anasoma vizuri. Ananipigia simu kama ulivyonipigia wewe, na anauliza swali lako neno kwa neno. Ila lile neno la mwisho wameliwekea ngoma. Habari ikiisha zinalia ngoma tatu, kisha sauti nzito ya mwanaume iliyorekodiwa inasema: imeonwa! Mara ya kwanza kuisikia niliinuka nikazima redio. Halafu nikaiwasha tena, kwa sababu nilitaka kujua habari.

Na watu wamebadilika. Zamani mtu akileta habari tulimwuliza imetokea wapi. Sasa tunamwuliza ni redio ya nani. Hiyo ni ya mheshimiwa, hiyo ni ya kanisa fulani, hiyo ni ya tajiri wa malori. Kila nyumba ina redio inayoiamini, na nyingine inayoisikiliza ili iitukane. Kimanzi, yule hirimu yangu wa jirani, husikiliza ile ya mheshimiwa asiyempenda. Anasema akisikia wamesifu kitu, anajua cha kukataa. Nilimweleza kwamba hiyo si njia ya kupata ukweli. Akasema, "Mwalimu, na yako imekupatia mangapi?" Wakati ule nilimcheka.

Sasa nifike.

Siku mbili kabla ya siku ya soko nilipita langoni mwa soko la mifugo. Palikuwa pamebandikwa karatasi. Ilikuwa na nembo juu, mhuri wa buluu chini, na sahihi. Ilisema kwamba kwa sababu ya ugonjwa wa miguu na midomo, soko la Nuu litafungwa mara tu baada ya siku ile ya soko, na mifugo haitatoka eneo letu mpaka tangazo jingine litolewe. Karantini, kwa ufupi. Nilivaa miwani nikaisoma mara mbili. Sikuwa na haraka. Nataka ujue kwamba sikuwa na haraka.

Mchana Mwende akapiga simu. Alikuwa amesikia uvumi. "Mwalimu, umeona, ama umeambiwa?"

"Nimeona."

"Kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu, mama, na miwani juu yake."

Akacheka, akanishukuru. Saa moja jioni ikasomwa: soko la mifugo la Nuu kufungwa, Mwalimu Musyoka wa Nuu athibitisha. Ngoma tatu. Imeonwa.

Kyalo, niliketi kitini nikajisikia vizuri. Hilo sijamwambia mtu.

Siku ya soko watu walileta mifugo kama mafuriko. Nani abaki na mbuzi asiyeweza kumuuza miezi sijui mingapi, na malisho ndiyo hayo yanaisha? Malori matatu yalikuwa yanangoja, na wanunuzi wageni, wenye haraka. Bei ilianguka kabla ya jua kupanda. Mama Ndinda, yule mjane wa ng'ambo ya korongo, alikuja na mbuzi wake wanane, wawili wakiwa na mimba. Hao ndio waliokuwa wanamsomesha Ndinda chuo cha uuguzi. Alinipitia langoni akaniuliza, "Mwalimu, niuze?" Nikamwambia, "Karatasi nimeiona, mama." Sikumwambia auze. Nimejiambia hivyo mara nyingi tangu siku ile. Sikumwambia auze.

Kuna Abdi, mwenye duka la pembeni ya soko. Baba yake alitoka Garissa, yeye alizaliwa hapa hapa, na hununua mifugo kidogo kidogo. Abdi alisimama katikati ya watu akasema, "Wazee wangu, msiuze. Nimepiga simu. Binamu yangu amepita juzi na ng'ombe, hakuna aliyemsimamisha. Hakuna ugonjwa." Mtu akamjibu, "Abdi, wewe leo huna pesa, ndiyo unataka tukungoje!" Kicheko kikapasuka. Abdi akasema, "Haya, mimi si redio." Wakacheka zaidi. Na mimi nilicheka, Kyalo. Nilicheka kwa sababu alikuwa mnunuzi, na mnunuzi ana lake. Mama Ndinda aliuza wote wanane.

Wiki iliyofuata karatasi haikuwepo langoni. Soko lilifunguliwa kama kawaida. Hakuna daktari wa mifugo aliyeonekana, hakuna ng'ombe aliyechechemea, hakuna mtu aliyezuiwa barabarani. Bei ilikuwa imerudi pale pale, ila wengi hawakuwa na cha kuuza. Na nilipopita katikati ya watu nikasikia, si kwa kificho, "Si ni Mwalimu alisema?"

Nimelikalia jambo hili kama hesabu iliyokataa kutoka. Wengine wanasema malori yalikuwa ya tajiri mwenye redio. Niliyaona malori yale: yalikuwa malori, hayakuwa na jina mlangoni. Wengine wanasema karatasi ilitoka ofisi ya mifugo kweli, ila ilikuwa ya eneo jingine na ikabandikwa kwetu kimakosa. Kimanzi alipiga simu mahali, mmoja akamwambia hakuna amri kama hiyo, mwingine akamwambia ipo lakini si yenu. Mwende analia kwenye simu, anasema alisoma nilichomwambia. Ni kweli. Alisoma nilichomwambia.

Kosa langu nimelipata, au nadhani nimelipata. Niliona karatasi. Ugonjwa sikuuona. Karatasi iliniambia kuna ugonjwa, na aliyeiambia karatasi simjui. Kwa hiyo nilikuwa nimeambiwa na aliyeambiwa. Ni ile ya tatu, ile uliyokataa kuisoma, na mimi niliipandisha ikawa ya kwanza kwa sababu ilikuwa na mhuri na mimi nilikuwa na miwani. Mwalimu wa miaka thelathini na minane! Maisha yangu yote nimewaambia watoto kwamba kilichoandikwa kina mwandishi.

Lakini hapa ndipo ninapochanganyikiwa, na ungekuwepo ningekuuliza wewe. Mwende aliuliza swali lako lile lile. Wewe ungeniuliza nini zaidi? Ungesema, "Mwalimu, umeona ng'ombe mgonjwa?" Nafikiri ungesema. Usiku na mchana nafikiri ungesema. Kisha nakumbuka mara nyingine nilizokujibu nimeona, na nilichoona kilikuwa barua ya chifu, au bango la mradi, na wewe ukasoma. Zilitokea kuwa kweli. Je, tuliaminiwa kwa sababu ya njia yetu, au kwa sababu hapakuwa na mtu aliyejali kutudanganya? Ulikufa ukiwa na jina safi. Sitaki kulichafua. Lakini swali hilo limeingia ndani ya nyumba na halitoki.

Baada ya hapo walinipigia simu wawili. Wa kwanza alikuwa meneja wa kituo chako. Alisema watanitumia gari nije Kibwezi, niketi studio, niseme kwamba kituo kilifuata utaratibu wote. "Ni kwa ajili ya jina la Kyalo, mzee." Alilitaja jina lako kama mtu anayefungua mlango kwa ufunguo wa mwenzake. Wa pili alikuwa mwandishi wa kile kituo cha mheshimiwa. Yeye pia alikuwa na gari la kunichukua, na alitaka niseme tajiri alinitumia ili anunue mbuzi kwa bei ya bure. Nikamwuliza, "Ushahidi unao?" Akasema, "Mzee, wewe ndiwe ushahidi." Nikamweleza maana ya ushahidi, nusu saa nzima, mpaka salio lake likaisha. Nilikataa magari yote mawili.

Siku ya soko iliyofuata nikaenda langoni kwa miguu yangu. Nilipanda pale wanapopakilia ng'ombe, nikavua kofia. Nikasema: mimi Musyoka niliona karatasi na sikuona ugonjwa. Niliulizwa nikajibu vibaya. Sijui nani aliibandika. Sijui malori ni ya nani. Abdi alisema kweli na mimi nilimcheka. Basi, hayo ndiyo ninayoyajua.

Kimanzi akasema, "Umemaliza? Kwa mara ya kwanza umekuwa mfupi." Wachache wakacheka, nami nikashukuru. Kisha mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni, ambaye simjui hata kwa sura, akauliza kwa upole kabisa, "Na wewe, Mwalimu, ni wa nani?"

Nilitaka kumweleza kwamba mtu anayekula pensheni yake hana mwenyewe. Lakini nilikumbuka nilivyojisikia kitini jioni ile, jina langu likisomwa mpaka Makueni, na ngoma. Sikujua nilikuwa wa nani jioni ile. Nikashuka.

Kesho yake vituo vyote viwili vilitangaza maneno yangu. Chako kilisema: Mwalimu akiri kosa, kituo hakikuwa na hatia. Cha mheshimiwa kilisema: Mwalimu afichua mchezo wa malori. Kimoja nilikisikia kwenye redio yangu, cha pili kwenye simu ya Abdi dukani kwake. Abdi alinipa soda, akaikataa pesa yangu, akasema, "Mwalimu, umekuwa watu wawili." Na ajabu ni kwamba kila neno walilonukuu nililisema. Sikuweza kusema wamenisingizia. Maneno ni yangu, habari si yangu. Nimejaribu kulieleza hilo kwa Kimanzi nikashindwa, na mimi sijazoea kushindwa kueleza.

Mama Ndinda hakuwa ameniambia lolote muda wote huo. Aliendelea kunisalimia. Hilo lilikuwa zito kuliko matusi. Jana asubuhi alikuja uani kwangu, hakutaka kuketi. Ndinda amerudi nyumbani tangu wiki iliyopita, chuo kimemwambia arudi akiwa na karo.

"Mwalimu, hiyo ofisi ya mifugo iko wapi?"

"Mjini, mama."

"Wana kitabu cha kuandika hizo amri zao?"

"Wanapaswa kuwa nacho."

"Basi keshokutwa tunaenda."

Nikamwambia asijisumbue, goti lake linamuuma na safari ni ndefu. Niende mimi, niangalie, jioni nimletee jibu. Nilisema kwa nia njema, nilitaka kulipa kidogo. Alinitazama kama unavyomtazama mtoto aliyerudia kosa lile lile baada ya kusahihishwa.

"Hapana, baba. Nataka kukiona mimi. Wewe utanionyesha mlango tu."

Kisha akaenda zake, polepole, kwa sababu ya goti.

Sijui kama hiyo ilikuwa adhabu au heshima. Nimeigeuza tangu jana. Sijui tutakachokikuta. Huenda amri imo, na kosa ni la aliyebandika. Huenda haimo, na hapo kuna mtu aliyechonga mhuri, na tutalazimika kuuliza kwa ajili ya nani. Huenda watatuambia kitabu hakipo. Mbuzi hawatarudi. Hilo nalijua bila kuambiwa.

Nimepiga pasi suruali. Tunatoka kesho alfajiri.

Pumzika, mwanangu. Ulifanya kazi yako kadiri ya mwanga uliokuwa nao, nami sitaruhusu mtu yeyote, wa gari la kwanza wala la pili, alishike jina lako mkononi. Na kuna jambo ninakuahidi, dogo, ila wewe unajua lilivyo gumu kwangu. Mama Ndinda anajua kusoma. Anasoma taratibu, kidole chini ya mstari, midomo ikicheza. Mimi huwa siwezi kungoja, humalizia mtu sentensi yake. Kesho wakitufungulia kitabu hicho nitasimama nyuma yake, miwani mfukoni, na sitasema neno mpaka afike chini ya ukurasa. Akitaka kurudia kutoka juu, nitangoja tena. Na tukirudi Nuu, watakaouliza tulichokikuta, nitawaelekeza kwake.

Mimi Mwalimu wako,
Musyoka